Bambo, Barua ya Kibali na Wasifu wa Kurasa Mbili: Hotuba kwa Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu Wanaotafuta Kazi Nje ya Chuo

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wetu, wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie namna mtafiti anavyoweza kumweleza mwajiri wa nje ya chuo stadi alizozipata katika utafiti wake. Barua ya mwaliko ilizitaja kwa jina la "stadi zinazohamishika", maneno ambayo nayaelewa lakini siyapendi sana, kwa kuwa yanatufanya tudhani kwamba stadi ni kama godoro, unalifunga kamba, unalipandisha kwenye mkokoteni na kulishusha nyumba ya pili likiwa lilelile. Mimi sikuona hivyo. Niliyoyajua chuoni yalinifaa kiwandani, ila yalinifaa baada ya kuyasema upya kwa maneno ya watu wa kiwandani, na hakuna mtu wa kiwandani aliyekuwa na muda wa kunifanyia kazi hiyo ya kuyasema.

Nitaanza na usaili niliokosa kazi.

Ilikuwa Januari 2021. Nilikuwa nimetetea tasnifu yangu miezi michache kabla, tasnifu iliyohusu sumukuvu katika mahindi yanayohifadhiwa majumbani katika wilaya za Kongwa na Kiteto. Wengi wenu mnafahamu kwa nini mada hiyo ilikuwa nzito: mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka zenye sumukuvu, sumu ambayo hutengenezwa na fangasi, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuchemshwa. Kiwanda kimoja cha kusaga nafaka kilitangaza nafasi ya msimamizi wa ubora. Nikaomba, nikaitwa. Nilikwenda na tasnifu yenyewe, kurasa 214, jalada gumu jeusi lenye maandishi ya dhahabu, nikaiweka mezani mbele ya jopo. Mzee mmoja katika jopo lile, ambaye baadaye niliambiwa ndiye aliyekuwa mnunuzi mkuu wa mahindi, aliinyanyua kwa mkono mmoja kama mtu anayekadiria uzito wa jogoo sokoni, akairudisha mezani, kisha akaniuliza: "Daktari, lori la mahindi liko getini saa hizi. Nilipokee au nilirudishe?"

Nilizungumza kwa muda mrefu. Nilieleza kwamba sumukuvu haisambai sawasawa katika shehena, kwamba punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi ilhali maelfu ya punje zinazozizunguka ni safi, kwamba kosa kubwa katika vipimo vya aina hii hutokana na uchukuaji wa sampuli kuliko linavyotokana na mashine ya maabara, na kwamba kwa sababu hizo swali lake lilihitaji kufafanuliwa zaidi kabla halijajibiwa. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Mzee yule alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, akasema, "Ahsante sana, Daktari," na kwa namna alivyolitamka lile "Daktari" nilijua kwamba kazi nimeikosa.

Jibu nililopaswa kumpa, na ndani yake limo bambo, yaani kile chuma chenye ncha na uwazi kinachochomwa kwenye gunia ili kutoa punje chache za kupima, ni hili: "Mzee wangu, lori la tani 30 lina magunia 300 ya kilo mia moja. Nitachoma bambo kwenye magunia yasiyopungua 18, nikiyachagua pande zote za mzigo, ya juu, ya chini na ya katikati, siyo yale ya mlangoni ambayo mwenye mzigo anajua kwamba ndiyo yatakayoguswa. Nitaanza na unyevu, kwa sababu mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hatuna haja ya kuyaingiza ghalani hata kama leo hayana sumu. Kisha nitachanganya sampuli zote, nitazisaga na kuzipima. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi. Kipimo kikiwa chini kabisa ya hapo, lipokee, kikizidi, lirudishe, kikiwa karibu na kikomo, tuchukue sampuli ya pili kabla hujamlipa mtu."

Maneno hayo hayamalizi dakika moja. Hakuna hata moja kati yake ambalo sikulijua siku ile. Hata hiyo 18 ni kipeuo cha pili cha 300, kikiwa kimepandishwa kufikia namba kamili, jambo ambalo lilikuwa katika sura ya tatu ya kile kitabu cheusi kilichokuwa kimelala mbele yake. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimelijua kwa namna inayowafaa watahini. Watahini walitaka nioneshe kwamba naijua mipaka ya jibu langu. Mnunuzi wa mahindi alitaka jibu, halafu mipaka yake, kwa mpangilio huo, na kwa kiasi ambacho dereva aliyeko getini anaweza kuvumilia.

Wiki chache baadaye, tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakasimama Namanga. Zuio lile halikudumu, liliondolewa ndani ya siku chache, lakini liliondolewa kwa masharti, na mojawapo lilikuwa kwamba mzigo uambatane na cheti kinachoonesha kwamba kiwango cha sumukuvu hakizidi kile kikomo cha 10. Ndipo nilipoelewa kilichokuwa moyoni mwa yule mzee. Hakuwa na hamu ya kujifunza habari za fangasi. Alikuwa na hofu ya kupoteza lori zima la mahindi, na pengine jina la kiwanda, na alikuwa anatafuta mtu wa kubeba hofu hiyo pamoja naye. Nikawa nimempelekea mhadhara.

Tangu hapo nimekaa upande wa pili wa meza mara nyingi, nikiwa miongoni mwa wanaosaili, na ninachokiona kinanisikitisha kwa sababu najiona mwenyewe. Msailiwa anafika na kichwa cha tasnifu chenye mistari mitatu, na orodha ya sifa: uchambuzi wa kina, fikra tunduizi, mawasiliano mazuri, kufanya kazi katika timu. Sifa hizo anazo kila mwombaji, hata yule ambaye hajawahi kutoka nje ya wilaya yake kuhoji mtu. Na yale mambo ambayo kwa hakika yangemtofautisha, msailiwa ameyaacha nje ya karatasi, kwa kuwa anayaona kama usumbufu uliomchelewesha kuandika sura ya nne.

Chukueni barua ya kibali. Kila aliyefanya utafiti vijijini anaijua safari yake. Unatoka na barua ya utambulisho ya chuo, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, unapewa nyingine ya kwenda wilayani na halmashauri, huko unapewa nyingine ya kwenda kwa Mtendaji wa Kata, naye anakuandikia kwa Mtendaji wa Kijiji, naye anakukabidhi kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, ambaye ndiye hasa atakayeamua kama wenye kaya watakufungulia mlango au watakwambia mama hayupo. Na kama ulifanya kazi na mtafiti kutoka nje ya nchi, ulikutana pia na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kama utafiti uligusa afya za watu, na kibali cha maadili kinachotolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Katika kijiji kimoja nilikaa siku tatu kwenye benchi nje ya ofisi ya mtendaji, chumba kimoja chenye meza, kalenda ya mwaka uliopita na droo iliyofungiwa mhuri. Ufunguo wa droo alikuwa nao mtendaji, na mtendaji alikuwa amekwenda wilayani kwenye kikao. Siku ya kwanza nilikasirika. Siku ya pili mwenyekiti wa kitongoji alinipitia, akakaa nami, tukala mahindi ya kuchoma, na katika mazungumzo akaniambia kwamba ratiba yangu ya kupita nyumbani kwa watu saa tatu asubuhi ilikuwa ni ya mtu wa mjini, kwa kuwa mwezi ule saa tatu watu wote walikuwa mashambani, wengine umbali wa saa nzima kwa miguu. Nikienda saa hizo nitawahoji watoto na wagonjwa. Tukaibadilisha ratiba palepale, tukaanza saa kumi jioni. Mhuri ulipopatikana, tayari nilikuwa nimejulishwa kwenye mkutano wa kitongoji na watu walikuwa wanajua kwamba sikutoka kwa wakusanya ushuru.

Jambo hilo halimo katika tasnifu yangu. Katika tasnifu kuna sentensi moja: "Vibali vyote stahiki vilipatikana." Lakini kampuni ya simu inayotaka kusimika mnara kijijini, benki inayofungua huduma za wakala, shirika linalosambaza mbegu, kiwanda kinachonunua mahindi kwa wakulima wadogo, wote hao hukwama kwenye benchi lilelile, nao hulipa gharama kubwa kwa kukosa mtu anayejua nani anaanza kusalimiwa. Kwa hiyo katika wasifu wangu wa pili niliandika hivi: "Nilipata ruhusa ya kufanya kazi katika vijiji 12 vya wilaya mbili kwa kupitia ngazi zote, kutoka mkoa hadi kitongoji, kwa muda wa siku 19, nilibadilisha ratiba ya uwandani kufuatana na msimu wa kilimo, na kaya 347 kati ya 360 zilizochaguliwa zilikubali kuhojiwa." Hiyo ni sentensi moja ndefu, na ndiyo iliyoulizwa zaidi kuliko kitu chochote kingine katika ukurasa ule.

Fedha nazo ni vivyo hivyo. Mtu anashika masurufu ya utafiti ya miezi minane, analipa posho, mafuta, nauli za bodaboda, vifaa vya maabara, anakusanya stakabadhi kutoka kwa watu ambao wengine hawana hata kalamu, kisha anarejesha masurufu kwa mhasibu wa chuo asiyesamehe hata shilingi mia tano, halafu kwenye wasifu anaandika kwamba hana uzoefu wa kusimamia bajeti.

Lililo gumu zaidi kulisimulia, na ambalo naamini lina thamani kuliko yote, ni lile lililoharibika. Nilikuwa na wadadisi sita. Walitumia vishikwambi, na programu tuliyoitumia ilirekodi saa ya kuanza na kumaliza kila dodoso pamoja na mahali lilipojazwa. Mahojiano ya kaya moja yalichukua kama dakika 40. Jioni moja, nikiwa nyumba ya wageni na umeme umekatika, nilikuwa napitia kazi ya wiki nzima kwenye kompyuta iliyobakiza chaji kidogo, nikaona madodoso 11 ya mdadisi mmoja yaliyochukua dakika sita au saba kila moja. Nikayatazama kwenye ramani: yote yamejazwa mahali pamoja. Nikatazama idadi ya magunia na debe walizosema wakulima: karibu zote zinaishia na sifuri au tano. Kesho yake nilikwenda mpaka mahali penyewe. Ulikuwa mwembe, wenye kivuli kizuri sana.

Nilimwita pembeni, si mbele ya wenzake. Mtoto wake alikuwa anaumwa, alikuwa amekwenda hospitali na kurudi usiku, na aliogopa kwamba akisema atakatwa posho. Nilimpa siku mbili, nikayafuta madodoso yote 11, na kaya zile zikatembelewa upya na mtu mwingine. Kisha ikabidi nikiri kosa langu mwenyewe: nilikuwa nakagua mara moja kwa wiki kazi iliyopaswa kukaguliwa kila jioni, na sikuwa nimewawekea wadadisi njia yoyote ya kusema wana shida bila kupoteza pesa. Tangu siku ile nilikagua kila jioni, na kaya mbili katika kila kumi zilipigiwa simu au kutembelewa na mtu wa pili kwa maswali machache ya uhakiki.

Katika usaili wa pili, kwenye kiwanda kingine, walinitaka nieleze tatizo nililowahi kulitatua. Nikasimulia hilo, pamoja na kosa langu. Mkuu wa fedha aliweka kalamu chini na kuniuliza ningegunduaje kama karani wa mizani ananukuu uzito wa malori bila kuyapima. Nikamwambia ningeanza na mambo matatu: muda kati ya lori na lori, tarakimu za mwisho za uzito, na zamu za usiku zikilinganishwa na za mchana. Hapo mazungumzo yalibadilika, ikawa tunajadili mizani yao, si shahada yangu. Nilipata kazi ile.

Sasa, si kila mmoja hapa amepima mahindi, na wanaosoma fani za lugha na historia huniambia kwamba mifano yangu inawapendelea watu wa sayansi. Sikubaliani nao. Mwanahistoria aliyetumia mwaka mzima kwenye majalada ya Nyaraka za Taifa anajua kuuliza kuhusu kila karatasi: nani ameiandika, alikuwa anamwandikia nani, ilipokelewa lini, na ni ukurasa upi unaokosekana. Benki inayopokea hati ya hakimiliki ya kimila kama dhamana, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ina maswali hayohayo, na mara nyingi inayauliza kwa kuchelewa, mkopo ukiwa umeshachacha. Na aliyesoma isimu ya Kiswahili, akakaa miezi akisikiliza jinsi watu wanavyoelewa na kutoelewa sentensi, ndiye anayeweza kuieleza kampuni ya mikopo ya simu kwa nini wateja wake husoma ujumbe wa makato na kudhani wameibiwa. Lakini asiseme "nina umahiri katika uchanganuzi wa kilongo." Achukue ujumbe mmoja halisi wa kampuni yenyewe, auandike upya, aweke matoleo mawili kando kando, na aeleze ni neno lipi litakalopunguza simu za malalamiko na kwa nini.

Kuna jambo la lugha ambalo nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu ni ugonjwa wetu sote. Tumefundishwa kuandika kwa kauli ya kutendwa. Data zilikusanywa. Hojaji zilisambazwa. Uchambuzi ulifanyika. Katika tasnifu kauli hiyo ina heshima yake, na katika malezi yetu mtu anayesema "mimi, mimi" huonekana hana adabu. Kwenye wasifu kauli hiyo inamfuta mwenye kazi. Msomaji anauliza: zilikusanywa na nani? Ulikuwepo? Semeni "nilikusanya", "niliongoza", "nilikosea nikarekebisha". Na kwa uaminifu uleule, pale ambapo kazi ilifanywa na mwingine, semeni hivyo. Kama takwimu zako zilichambuliwa na mtaalamu uliyemlipa, usiandike kwamba wewe ni mchambuzi wa takwimu. Andika kwamba ulimpa mtaalamu maswali, ukayahakiki majibu yake, na uwe tayari kueleza ulimkatalia jambo gani na kwa nini. Nimeona wasailiwa wawili wakianguka hapo, wakiwa na programu tatu za takwimu kwenye wasifu na wakishindwa kusema tofauti ya wastani na thamani ya katikati kwa mfano wa mishahara ya watu wa idara moja.

Kuhusu siri za watu, nitasema kwa mkazo. Msailiwa anapotaka kuonesha kwamba alikuwa karibu na wahojiwa wake, hutaja jina la kijiji, cheo cha mtu, na wakati mwingine ugonjwa wake. Anadhani anapamba hadithi. Mimi nikiwa kwenye jopo namwona mtu ambaye kesho atasimulia habari za wateja wangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tangu hapo kampuni nyingi zimejikuta zikihitaji watu wanaojua taarifa za mtu zinaombwaje, zinahifadhiwa wapi, nani ana ruhusa ya kuzifungua na zinafutwa lini. Ninyi mmekuwa mkijaza fomu za ridhaa, mkitenganisha majina na madodoso, mkifungia makaratasi kabatini na kuahidi kuyateketeza baada ya miaka fulani, na mmekuwa mkiona kwamba huo ni urasimu wa kamati ya maadili. Andikeni. Elezeni mlichokifanya, bila kumtaja yeyote, na namna mtakavyoeleza ndiyo itakayokuwa ushahidi.

Juu ya umbo la wasifu wenyewe sina mengi. Kurasa mbili zinatosha kwa kampuni binafsi. Machapisho yako, kama ni zaidi ya mawili, yaweke katika mstari mmoja unaosema yako mangapi na yanahusu nini, na uyalete yote pale utakapoombwa. Kichwa cha tasnifu kiandikwe kwa maneno ambayo shangazi yako anayeuza duka atayaelewa, cha kwangu kilibadilika kutoka mistari mitatu kikawa "Kwa nini mahindi yanaharibika ghalani, na namna ya kujua mapema." Wanaoomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira wafuate fomu na sifa zilizotajwa kwenye tangazo kama zilivyo, kwa kuwa huko mwenye kuchuja hana ruhusa ya kukisia ulimaanisha nini. Na kila mmoja aache kutuma barua moja ileile ya maombi kwa waajiri ishirini. Jina la kampuni nyingine likibaki kwenye aya ya tatu, kama nilivyolikuta mwezi uliopita, hakuna shahada itakayolifuta.

Swali moja mtaulizwa karibu wote, kwa namna hii au ile: umesoma sana, je, hutaondoka chuo kikikuita? Mimi niliulizwa. Niliwahi kusikia mtu akijibu kwamba hatarudi chuoni kamwe, na jopo halikumwamini. Nilijibu kwamba utafiti naupenda na sitaki kuwadanganya. Kwamba kilichonileta pale ni swali ambalo chuoni sikuweza kulijibu, yaani namna ya kupima malori 40 kwa siku katika msimu wa mavuno bila kuzuia foleni getini. Na kwamba nadhani litanichukua si chini ya miaka mitatu. Lilinichukua minne, na hata hivyo sikulimaliza. Mpaka leo halijaisha lote, maana msimu wa mvua nyingi unavuruga kila tulichokipanga, na wasafirishaji wamejifunza ni magunia yapi tunapenda kuyachoma.

Ndugu Mwenyekiti ameniambia kwamba muda wetu ni mpaka saa sita. Nimekuja na bambo hili, mtaniwia radhi kwa kutu yake. Litazungushwa ili wale wa fani nyingine walishike na kuona ni kitu kidogo namna gani ambacho uamuzi wa lori zima hukitegemea. Kwenye meza ya pembeni kuna karatasi. Naomba kila mmoja achague jambo moja lililomtesa katika utafiti wake, aliandike kwa mistari isiyozidi mitano kwa ajili ya mwajiri mmoja anayemfahamu kwa jina, kisha aniletee. Nitabaki hapa nikizisoma hadi alasiri, na nitakayoikuta na "data zilikusanywa" nitairudisha kwa mwenyewe bila kuisoma.